Kimya cha Draiva: Bendera za Kujiunga na za Kujiondoa katika Udhibiti wa Kasi ya Prosesa

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo dogo lililomo ndani ya kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo kinachosimamia kazi zote za tarakilishi. Kerneli hiyo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti na, kupitia mfumo wa Android, simu nyingi tunazozitumia kila siku. Jambo lenyewe ni hili: programu ndogo inayosimamia kasi ya prosesa inapopewa nafasi ya kueleza matakwa yake mbele ya kerneli, kisha isiseme lolote, je, kimya chake kihesabiwe kuwa ni kukubali au ni kukataa?

Huenda msomaji akajiuliza swali hili linatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu letu ni kwamba ni swali la semantiki kabla ya kuwa swali la uhandisi. Mhandisi anapolitatua huwa anaamua maana ya kutosema, na suala hilo wanaisimu wamelishughulikia kwa muda mrefu. Isitoshe, tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice katikati ya miaka ya 2000, kazi ya kuziandika programu kwa Kiswahili imekuwa ikiwahitaji watu wenye mafunzo kama yetu. Mtu hawezi kukitafsiri barabara kitufe cha kukubali au cha kukataa bila ya kujua kinachotokea pale ambapo hakuna aliyekigusa.

Prosesa na vidhibiti mwendo vyake

Prosesa haifanyi kazi kwa kasi moja wakati wote. Kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyohitaji volteji ya juu zaidi, na umeme inaoutumia hukua kwa mraba wa volteji hiyo ukizidishwa kwa kasi yenyewe. Kwa hivyo kupunguza kasi wakati kazi ni chache huokoa umeme, hurefusha muda wa betri na hupunguza joto. Katika Linux shughuli hii iko chini ya mfumo uitwao cpufreq, nao una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kiini chake, ambacho ni kimoja kwa mashine zote. Ya pili ni draiva, yaani programu inayoijua prosesa ya aina fulani na namna ya kuibadilisha kasi. Baadhi ya prosesa za Intel zina draiva yao, za simu zina zao, na kadhalika. Ya tatu ni ile inayoamua kasi gani itumike wakati gani, nayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa kifaa cha kuzuia mwendo wa magari.

Neno hilo sisi Wakenya tulikwisha kulitafsiri. Kanuni za uchukuzi zinazohusishwa na waziri John Michuki, ambazo zilianza kutekelezwa mwaka wa 2004, zililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 2004 ndio Linux ilipopata kidhibiti chake mashuhuri kiitwacho ondemand, kinachopandisha kasi pale kazi inapoongezeka. Tutaliazima basi neno la barabarani, kidhibiti mwendo, na gavana tumwachie kaunti yake.

Draiva hujitambulisha kwa kiini cha cpufreq kwa kuwasilisha kitu tunachoweza kukifananisha na fomu. Fomu hiyo huwa na jina la draiva, orodha ya kazi inazoweza kuzifanya, na nafasi moja ya namba ambayo waandishi wa programu huiita bendera. Kila biti ya namba hiyo ni bendera moja: ikiwa 1 bendera imepandishwa, ikiwa 0 haikupandishwa. Hapa ndipo penye jambo la msingi. Kwa mujibu wa kanuni za lugha ya C, ambayo ndiyo iliyotumika kuandikia sehemu kubwa ya kerneli, sehemu ya fomu ya aina hii ambayo mwandishi hakuijaza hujazwa sifuri. Mwandishi aliyefikiri akaamua kutopandisha bendera, mwandishi aliyesahau, na mwandishi aliyemaliza kazi yake miaka kumi kabla ya bendera hiyo kubuniwa, wote watatu huwasilisha sifuri ile ile.

Sifuri na mofu kapa

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili amekutana na mofu kapa. Tunaposema tunda na matunda, umoja hauna kiambishi kinachosikika, lakini hatusemi kwamba nafasi ya kiambishi haina kazi. Tunasema imejazwa na kitu kisichosikika, nacho ndicho kinachotuambia kuwa tunda ni moja. Roman Jakobson aliishughulikia ishara sifuri katika makala yake ya mwaka wa 1939, na wazo hilo limekuwa la kawaida katika madarasa yetu: kutokuwapo kwa umbo hupata maana kutokana na umbo ambalo lingeweza kuwapo.

Sifuri ya draiva ni ya namna hiyo hiyo. Yenyewe haina maana. Hupewa maana na jina la bendera ambayo haikupandishwa. Bendera ikiitwa "nataka", sifuri husomwa "sitaki". Bendera ikiitwa "sitaki", sifuri ile ile, ndani ya draiva ile ile ambayo hakuna aliyeigusa, husomwa "nataka". Anayebuni bendera, kwa hivyo, hawapi tu wenye draiva neno la kutamka. Anawawekea pia maneno vinywani wale ambao hawatatamka kitu.

Kiswahili kinayo njia ya mkato ya kuieleza tofauti hii, nayo ni kiambishi -sipo-. Bendera ya aina ya kwanza, ambayo katika makala haya tunaiita bendera ya kujiunga, inasema: asipokubali, amekataa. Bendera ya aina ya pili, ambayo tunaiita bendera ya kujiondoa, inasema: asipokataa, amekubali. Sentensi hizi mbili zina maneno sawa na urefu sawa. Kilichobadilishwa ni mpangilio wa vitenzi tu. Jinsi mashine ilivyo, tofauti ya bendera hizi mbili haizidi hapo.

Wazo kwamba kimya kinaweza kusomwa kwa njia mbili si geni katika jamii yetu. Methali isemayo asiyekuwapo na lake halipo ni kanuni ya kujiunga iliyo wazi: hukuja, hukusema, basi huna fungu. Kwa upande mwingine, katika fikihi ya ndoa inayojulikana vyema pwani, kimya cha bikira anapoulizwa juu ya posa huhesabiwa kuwa ni idhini, ilhali mwanamke aliyekwisha kuolewa hutakiwa atamke. Mfano huu una manufaa kwetu kwa sababu unaonyesha kuwa kimya hakikupewa maana moja kwa watu wote. Maana yake ilifungamanishwa na hali ya yule anayenyamaza, yaani ni nani anayetarajiwa kuona haya kusema na ni nani asiyetarajiwa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 imechukua njia ya kujiunga pale ridhaa ya mtu inapotegemewa: ridhaa hiyo lazima iwe ya wazi, ya hiari na yenye kuonekana kwa tamko au kitendo dhahiri. Kimya hakitoshi.

Kuna jambo jingine ambalo sarufi yetu inalifanya na biti moja haiwezi kulifanya. Tunasema hakukubali, na tunasema hajakubali. La kwanza linafunga shauri. La pili linaliacha wazi, kwa maana huenda akakubali kesho, au huenda hata hajaulizwa. Biti moja yenye thamani mbili haina nafasi ya -ja-. Draiva ambayo haijaulizwa na draiva iliyoulizwa ikakataa zinafanana kabisa machoni pa kiini. Matatizo mengi yatakayoelezwa hapa chini yanatokana na upungufu huo.

Bendera zenyewe

Mtu anayekutana na suala hili kwa mara ya kwanza huelekea kuamini kuwa shauri ni la idadi: kama draiva nyingi zinataka jambo fulani, basi jambo hilo liwe ndilo linalofuata kimya, na zile chache zinazolikataa zipandishe bendera. Hoja hiyo ina mvuto, maana inapunguza maandishi. Hata hivyo, tukizichunguza bendera zilizomo ndani ya cpufreq tunaona kwamba kilichoelekeza uamuzi si idadi. Kilichoelekeza ni historia. Sifuri imefanywa iwe na maana ya jana, yaani hali iliyokuwapo kabla bendera haijabuniwa. Jambo likiwa jipya, draiva hujiunga nalo. Jambo likiwa lilikuwapo tayari, na ikaonekana kuna draiva ambazo haziliwezi, hizo hujiondoa.

Tuanze na bendera iitwayo CPUFREQ_IS_COOLING_DEV, iliyoongezwa mwaka wa 2019. Prosesa inapopata joto kupita kiasi, mojawapo ya njia za kuipoza ni kuipunguzia kasi, na kwa ajili hiyo draiva ya kasi inaweza kusajiliwa kuwa kifaa cha kupoza. Kabla ya mwaka huo, kila draiva iliyotaka usajili huo ilikuwa na mistari yake ya kuufanya, na mistari ya kuufuta wakati wa kuondoka. Mistari hiyo ilikuwa ikifanana mno kutoka draiva moja hadi nyingine. Kazi hiyo ikahamishiwa kwenye kiini, kikabakia na swali moja: kiisajili draiva gani? Hapa uamuzi ulikuwa wa kujiunga. Draiva inayotaka kusajiliwa hupandisha bendera. Isiyopandisha huachwa kama ilivyokuwa.

Je, idadi ingetoa jibu hilo hilo? Si lazima. Prosesa za simu na za vifaa vidogo ni nyingi, na nyingi kati yake zinahitaji kupozwa kwa njia hii. Ila kuna tarakilishi, hasa zile za mezani na za kupakata zinazotumia ACPI, ambazo usajili wa namna hiyo hufanywa kwa njia nyingine kabisa. Kama kimya kingehesabiwa kuwa ni kukubali, draiva za tarakilishi hizo zingejikuta zimesajiliwa katika utaratibu ambao haukubuniwa kwa ajili yao, bila ya kuombwa. Kwa kufuata kanuni ya jana, kimya chao kiliendelea kuwa na maana ile ile kilichokuwa nayo. Hakuna kilichoharibika.

Tusikose hata hivyo kuiona gharama ya uamuzi huo. Mwandishi wa draiva mpya, anayeandika leo kwa ajili ya prosesa ambayo kweli inahitaji kupozwa, akisahau bendera hii hatapata onyo. Programu itakubaliwa, mashine itawaka, na prosesa itafanya kazi. Kosa litajitokeza baadaye kama joto, pengine mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kusikia neno draiva. Kanuni ya jana inawalinda waliotangulia na kuwatwika mzigo wanaokuja. Kwa maoni yetu mzigo huo ni halali, kwa kuwa anayekuja anaweza kusoma maelezo na kuuliza, ilhali draiva iliyoandikwa zamani haiwezi kuulizwa. Lakini ni mzigo, na wanaousifu utaratibu wa kujiunga kana kwamba hauna hasara hawajautazama vizuri.

Bendera ya pili ni CPUFREQ_NEED_INITIAL_FREQ_CHECK, iliyoingia katika kerneli mwanzoni mwa mwaka wa 2014. Wakati mwingine ile programu inayoiwasha mashine huiacha prosesa kwenye kasi ambayo haimo katika orodha ya kasi zinazojulikana na draiva, na prosesa ikikaa hapo kwa muda mrefu inaweza kuyumba. Draiva inayopandisha bendera hii inakiomba kiini kikague kasi ya mwanzo na, ikiwa ni ngeni, kiipeleke kwenye kasi iliyomo orodhani. Jambo lililo muhimu kwetu ni adhabu yake: bendera hii ilipoanzishwa, kiini kikishindwa kuirekebisha kasi kilisimamisha mashine palepale. Tendo zito kama hilo halifai kumpata mtu aliyenyamaza. Hapa hata pasipo kanuni ya jana tungetarajia bendera ya kujiunga.

Kisa cha umilele

Bendera ya tatu inastahili sehemu yake yenyewe, kwa kuwa ina kisa ambacho mwanafunzi wa fasihi atakifurahia. Draiva zilizotangulia zilikuwa na nafasi ya kueleza muda unaotumika kubadilisha kasi, kwa hesabu ya nanosekunde. Vidhibiti mwendo vinavyobadilisha kasi vyenyewe, kama ondemand, viliusoma muda huo. Ulipozidi milisekunde 10 vilikataa kufanya kazi, na kiini kikarudi kwenye kidhibiti kinachoiacha prosesa katika kasi ya juu. Kulikuwa na thamani maalumu iliyoitwa CPUFREQ_ETERNAL, yaani umilele. Umilele huo uliandikwa kama hasi moja, ambayo ikisomwa kama namba isiyo na alama katika biti 32 inakuwa 4,294,967,295. Kwa nanosekunde hizo umilele wote haufiki sekunde nne na nusu, lakini tuliache hilo.

Tatizo la umilele lilikuwa ni kwamba draiva ziliutamka kwa sababu mbili tofauti. Baadhi ziliuandika kwa maana ya "sijui muda wangu ni kiasi gani". Nyingine ziliuandika kwa maana ya "sitaki kubadilishwa kasi na kidhibiti chochote kiotomatiki". Kutojua na kukataa vilivaa vazi moja. Kiini kilichosikia neno hilo kiliyachukulia yote mawili kuwa ni kukataa, hata kwa draiva ambayo ilikuwa ikikiri tu kutojua.

Mwaka wa 2017 Viresh Kumar, mmoja wa wasimamizi wa cpufreq, alizitenga maana hizo. Ilibuniwa bendera CPUFREQ_NO_AUTO_DYNAMIC_SWITCHING, ambayo draiva huipandisha ikiwa haitaki vidhibiti vinavyobadilisha kasi vyenyewe. Draiva zilizokuwa zikiandika umilele kila mara zikapewa bendera hii na kuondolewa ile namba. Tangu hapo anayekataa hukataa kwa neno lake.

Tutambue kwamba hii ni bendera ya kujiondoa, na kanushi limo ndani ya jina lake. Kanuni ya jana inalieleza hilo pia. Kubadilishwa kasi na kidhibiti ndilo kusudi la cpufreq kuwapo. Draiva nyingi tayari zilikuwa zikifanya hivyo bila ya kusema. Kama bendera ingekuwa ya kujiunga, kila draiva iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ingelazimika kuguswa ili iendelee kufanya kile kile.

Bei yake imo katika sarufi. Kiini kinapotaka kujua kama kinaweza kutumia ondemand, hakina budi kuuliza swali lenye ukanushi wa mara mbili: je, draiva haijasema kwamba haitaki? Kiswahili huubeba ukanushi wa namna hii bila ya shida kubwa, kama tunavyosema hakuna asiyejua kwa maana ya kila mtu anajua. Ila ukanushi wa mara mbili huchosha macho ya msomaji wa programu, na mahali panapochosha macho ndipo makosa yanapopenya. Wapo wanaoona kuwa bendera yenye kanushi ni mbaya siku zote. Sisi tunaona kuwa kanushi hilo ni la kweli. Linaieleza draiva kama ilivyo, yaani ile inayosimama kando ya desturi ya wenzake, na jina lenye umbo la ukubalifu lingelificha jambo hilo.

Bendera iliyonakiliwa

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kuwa hatari yote imo katika kimya, na kwamba draiva ikisema tu mambo yamekwisha. Bendera ya nne inatuonyesha vingine. Iliitwa CPUFREQ_STICKY, jina linalodokeza kitu kinachonata. Kwa kawaida draiva ikijisajili na isiweze kuianzisha prosesa hata moja, kiini huiondoa, kwa kuwa haina kazi ya kufanya. Draiva iliyopandisha bendera hii iliachwa ibaki. Ilikuwa na sababu yake: katika baadhi ya mashine za zamani draiva zilijisajili kabla prosesa zenyewe hazijaandikishwa katika mfumo, hivyo kushindwa kwao kulikuwa kwa muda tu.

Miaka ilipita, utaratibu wa kuwaka kwa kerneli ukabadilika, na prosesa zikawa zinaandikishwa kabla ya draiva yoyote ya kasi. Sababu ikafa. Bendera haikufa. Draiva mpya ziliendelea kuandikwa zikiwa nayo, na bendera hiyo ilipoondolewa kabisa mwaka wa 2021, maelezo yaliyoambatana na mabadiliko hayo yalidokeza kwamba draiva nyingi yaelekea ziliipandisha kwa kuwa tu ilinakiliwa kutoka draiva nyingine. Mwandishi huchukua draiva ya jirani, hubadilisha yaliyo lazima, na yasiyomdhuru huyaacha.

Kwa hiyo bendera ya kujiunga, ambayo heshima yake yote inatokana na dhana kwamba aliyeipandisha alijua anachokiomba, inaweza kupandishwa na mtu asiyejua. Kanuni ya jana haina kinga dhidi ya hali hii, kwa kuwa inawatazama walionyamaza tu. Anayesema kwa kunakili anasema neno la mwingine, na kiini hakina njia ya kumtofautisha na anayesema lake.

Namna bendera hii ilivyoondolewa pia ina funzo la kiufundi. Draiva zilizomo ndani ya kerneli zilirekebishwa pamoja nayo. Draiva iliyoandikwa na kampuni fulani na kuwekwa nje ya kerneli haikurekebishwa na mtu, kwa kanuni ile ile ya asiyekuwapo. Lakini siku mwenye draiva hiyo atakapojaribu kuijenga upya, programu itagoma, kwa sababu inataja jina ambalo halipo tena, naye atajua kuna lililobadilika. Linganisha na hali ambapo mtu angeamua kuigeuza maana ya sifuri huku jina likibaki lile lile, kwamba jana asipokubali amekataa, leo asipokataa amekubali. Draiva ya nje ingejengwa bila ya kelele na kufanya kinyume cha jana. Kwa hivyo, ikibidi maana ya kimya igeuzwe, na jina ligeuzwe pamoja nayo.

Kuhusu istilahi

Tumetumia kujiunga na kujiondoa katika makala haya, na tunadhani maneno haya yanastahili kupendekezwa. Mkenya yeyote aliyewahi kukatwa salio kwa sababu ya jumbe za mizaha au za michezo ambazo hakuziomba anayajua vizuri, maana ndiyo yaliyokuwa yakiandikwa katika jumbe zenyewe: kujiondoa, tuma neno fulani kwa nambari fulani. Maneno hayo yana kiambishi rejeshi -ji-, kinachomfanya mhusika awe ndiye mtendaji na mtendwa, nacho hutufaa kwa kuwa bendera hupandishwa na draiva yenyewe. Kukubali na kukataa tu hakutoshi, kwa sababu katika mifumo yote miwili mtu anaweza kufanya lolote kati ya hayo. Tofauti imo katika hali anayoanzia.

Hali hiyo ya kuanzia imekwisha kupewa jina katika programu zilizotafsiriwa, nalo ni chaguo-msingi. Limeenea, na hatutarajii kuling'oa. Hata hivyo neno chaguo linadai kwamba kuna aliyechagua. Kwa upande wa draiva iliyonyamaza hakuna uchaguzi uliofanywa. Aliyechagua ni mbunifu wa bendera. Mtumiaji wa simu anayeona neno hilo karibu na jina lake huweza kuamini kuwa chaguo ni lake. Tungependelea lisemwe waziwazi: ukinyamaza, itakuwa hivi.

Majina ya bendera zenyewe hayatafsiriwi ndani ya programu, bali maelezo yake yanaweza kutafsiriwa, na hapo umbo la kitenzi litatusaidia. Ile ya kupoza inaitwa kwa kitenzi cha kuwa, basi iwe kauli ya taarifa: mimi ni kifaa cha kupoza. Ile ya ukaguzi inaitwa kwa kitenzi cha kuhitaji: nahitaji kasi yangu ya mwanzo ikaguliwe. Ile ya kujiondoa ichukue dhamira tegemezi yenye kanushi: nisibadilishwe kasi kiotomatiki. Msomaji akizitazama tatu hizi ataona kwamba ya kwanza inaweza kuwa kweli au uongo, na mbili zinazofuata haziwezi kuwa uongo, zinaweza tu kuwa ombi lisilo na busara.

Pamebaki vile visanduku vya kutia alama ambavyo mtumiaji wa kawaida hukutana navyo, hasa vile vyenye maandishi kama "usinitumie matangazo". Kisanduku kitupu cha namna hiyo ni bendera ya kujiondoa ambayo haijapandishwa, na anayekipita haraka hudhani ameepuka matangazo kumbe ameyakaribisha. Mtafsiri hana mamlaka ya kubadilisha mantiki ya programu, lakini mara nyingi ana nafasi ya mstari mmoja wa maelezo chini ya kisanduku. Mstari huo ndipo pa kuirudishia lugha kile ambacho biti imekikosa. Kisanduku kisichoguswa kiandikiwe "hujachagua, kwa sasa utatumiwa". Kikiguswa, maandishi yawe "umekataa, hutatumiwa". Na pale ambapo mtu alikigusa kisha akakirudisha kilivyokuwa, ingawa mashine itaona sifuri ile ile ya mwanzo, maandishi hayafai kurudi kuwa "hujachagua".